Usukani mwepesi mno asubuhi ya baridi, ukipata moto unarudi kawaida. Nianze kupima wapi?

Mshale_wa_Nyuma

Wakuu, heshima mbele. Naomba wanaoyajua magari ya michezo wanisaidie kupanga vipimo kabla sijaanza kufungua vitu.

Gari ni la milango miwili, injini imekaa nyuma kabisa, tangi la petroli liko mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Gia ni za mkono. Pawa stelingi ni ya oili: pampu inazungushwa na mkanda wa injini, halafu kuna vali ya umeme inayopunguza msaada kadiri mwendo unavyopanda. Tairi za mbele ni 235/35 R19, za nyuma 295/30 R19, zote za kiangazi, zile za utambi (mikato ya uso wa tairi) mchache zinazopenda lami kavu.

Dalili ni hii. Hewa ikiwa kati ya nyuzi 3 na 8, kilomita 10 hadi 15 za mwanzo usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Sizungumzii kuegesha, hapo uko kama siku zote. Nazungumzia kona ya kawaida kwenye kilomita 60 hadi 80 kwa saa: nageuza, mkono haupokei uzito wowote, na pua inachelewa kufuata. Baadaye uzito unarudi polepole mpaka unasahau kwamba kulikuwa na tatizo. Hewa ikiwa nyuzi 20 na zaidi hali hiyo haionekani, au inaonekana kidogo sana.

Hakuna taa kwenye dashibodi. Pampu haipigi kelele. Oili iko kwenye alama. Upepo ni 36 psi tairi zote nne, nimeupima asubuhi hiyohiyo ya baridi gari likiwa halijasogea. Fundi mmoja kaniambia raki (mtambo wa meno unaogeuza magurudumu) imekufa, mwingine kasema pampu. Nawezaje kutenganisha ugonjwa wa stelingi na ugonjwa wa tairi bila kununua kifaa kwa kubahatisha?

Fundi_Raki

Raki usiiguse kwanza, mkuu. Raki iliyochoka ina lugha yake, na hiyo uliyoieleza siyo. Sili za ndani ya vali ya raki zikiisha, oili inapita pembeni badala ya kusukuma pistoni, na asubuhi usukani unakuwa MZITO, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine, kisha unalainika mambo yakipata moto. Wewe una kinyume chake. Meno ya raki yakilika utapata mlegeo katikati na mgongano ukipita kwenye mashimo, kukiwa na baridi au joto.

Oili baridi nayo, ukiifikiria haraka, utasema inaleta wepesi kwa kuwa ni nzito na ina presha. Hapana. Oili nzito huleta uzito, mlio na mapovu. Hata hivyo hakikisha iliyomo ndiyo inayotakiwa. Kuna magari yanayotumia oili nyekundu ya gia za otomatiki na kuna yanayotumia ile ya kijani ya sintetiki. Kwenye nyuzi 40 ile nyekundu ni nzito karibu mara mbili ya kijani, na kwenye baridi pengo linakua zaidi. Zikichanganywa, sili ndizo zinazolipa.

Kwenye mfumo wa oili, wepesi wa kweli unatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni vali ya mtiririko ndani ya pampu: pistoni ndogo na springi, kazi yake ni kuruhusu kiasi kilekile cha oili kwenda kwenye raki hata injini ikizunguka kwa kasi, na kinachozidi kurudishwa. Ikinata kwa uchafu, mtiririko unapanda pamoja na mizunguko ya injini na usukani unakuwa kama wa gari la kuchezea ukiwa barabarani. Inaweza kunata ikiwa baridi na kuachia ikipata moto, ndiyo maana siipuuzi. Ya pili ni hiyo vali ya umeme, au taarifa ya mwendo inayoilisha. Ikidhani gari limesimama, itatoa msaada wa kuegesha wakati uko kwenye kilomita 80.

Pampu ni rahisi kuikamata kwa sababu inafuata injini, haifuati barabara. Chukua kona ileile, mwendo uleule wa kilomita 70, mara ya kwanza kwenye gia ya 5, mara ya pili kwenye gia ya 3. Injini ni baridi, kwa hiyo usivuke mizunguko 3,500 kwa dakika. Wepesi ukiongezeka kwenye gia ya 3, ni pampu. Usipobadilika, pampu iache ipumzike.

Kwa vali ya umeme, chomoa plagi yake gari likiwa limezimwa, kisha washa na uendeshe taratibu mahali pasipo na watu. Magari mengi, si yote, soma kitabu chako, yametengenezwa ili umeme ukikatika usukani uwe mzito. Ukigeuza gari limesimama na usukani umekuwa mzito, vali inafanya kazi. Usipoona tofauti, imenata. Pima pia koili kwa multimita, ila linganisha na thamani ya kitabu kwenye joto linalotajwa: waya wa shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo koili ya nyuzi 5 na ileile kwenye nyuzi 85 zinapishana kwa karibu theluthi. Watu wametupa vali nzima kwa kutojua hilo.

Mimi ningeweka shilingi yangu kwenye vali.

MpimaTairi

Fundi, vipimo vyako ni vizuri ila shilingi umeiweka pabaya. Soma tena alichoandika: usukani ni mwepesi NA pua inachelewa kufuata. Hayo ni mambo mawili, na la pili ndilo linalofunga kesi.

Msaada wa stelingi ukizidi, mkono unafanya kazi ndogo, lakini magurudumu yanageuka kwa pembe ileile uliyoomba na gari linafuata kama kawaida. Tena litaonekana kali kuliko kawaida, kwa sababu utageuza zaidi bila kukusudia. Hakuna pampu wala vali duniani inayoweza kuchelewesha pua. Pua ikichelewa na usukani ukiwa mtupu kwa wakati mmoja, tairi za mbele hazishiki.

Kwa nini tairi isiyoshika inaleta wepesi? Uzito unaousikia kwenye kona ni nguvu ya pembeni ya tairi mara umbali kati ya mahali nguvu hiyo inapofanya kazi na mhimili ambao gurudumu linageukia. Umbali huo una sehemu mbili. Moja inatokana na kasta (mlalo wa mhimili huo kuelekea nyuma), ni ya chuma, haibadiliki kwa baridi. Nyingine ni ya tairi yenyewe: tairi ikianza kugeuka, eneo linalogusa lami linapindika, na kitovu cha nguvu kinakaa sentimita chache nyuma ya katikati. Tairi ikikaribia mwisho wa uwezo wake, sehemu ya nyuma ya eneo hilo inaanza kuteleza, kitovu kinasogea mbele, na ule umbali unapungua kuelekea sifuri. Ndiyo maana usukani mzuri hulegea kidogo KABLA ya gari kuteleza. Ni onyo. Wewe unapewa onyo hilo kwenye kilomita 60 kwa saa kwa sababu, kwa mpira wa nyuzi 5, kilomita 60 kwenye kona hiyo si mbali na mwisho.

Mpira wa kiangazi chini ya takribani nyuzi 7 unakuwa mgumu, hauingii kwenye vinyweleo vya lami, na mshiko unashuka waziwazi. Mpira wa tairi za mbio ni mbaya zaidi, maana umepikwa kufanya kazi kwenye nyuzi 70 hadi 100. Kwenye baridi kali, hasa chini ya nyuzi -7, baadhi ya tairi hizo zinaweza hata kupasuka nyufa ukizisogeza tu.

Sasa ongeza umbo la gari lako. Mbele hakuna injini na magurudumu hayo hayasukumi. Joto la tairi linatokana na mpira kukunjwa na kusuguliwa. Tairi ya nyuma inapata mzigo, inasukuma, inapata moto mapema. Ya mbele inasubiri kona na breki. Kilomita 10 hadi 15 ndizo zinazohitajika ili ipate uhai. Muda uliouandika unalingana na tairi.

Kuhusu upepo: 36 zote nne? Kwenye gari la injini nyuma? Fungua mlango usome kibandiko. Karibu magari yote ya aina hiyo yanataka mbele pungufu kuliko nyuma. Lakini tusidanganyane, upepo ni chumvi tu hapa, si chakula. Fanya hesabu: 36 psi kwenye nyuzi 5, tairi ikifika nyuzi 35 itasoma kama 41. Yaani wakati gari linapokufurahisha upepo ni mwingi kuliko linapokuudhi. Kama upepo ndio ungekuwa mzizi, ungeona tatizo kwenye joto.

Naomba uniletee vitu vitatu: namba nne za mwisho kwenye duara la DOT ubavuni mwa kila tairi, yaani tarehe ya kutengenezwa (mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka), ugumu wa mpira kwa kipimo cha Shore A, mbele na nyuma kwenye joto lilelile, na namba za kibandiko.

Fundi_Raki

Hoja ya pua nakubali, niliipita haraka. Lakini kukubali siyo kupima. Mtu akinunua tairi kisha akakuta vali nayo imenata, atarudi hapa kutulaumu sote wawili.

Kuna kipimo cha gharama ya chini kinachoondoa tairi kwenye hesabu kabisa. Chukua vipande vinne vya bati bapa, kila kimoja kama sentimita 40 kwa 40. Paka grisi ya kutosha, viweke viwili viwili kama mkate wenye siagi katikati, kisha pandisha kila gurudumu la mbele juu ya jozi moja. Breki ya mkono ifungwe, miguu iwe mbali na breki ya kawaida. Hapo gurudumu linageuka bila kusugua lami, kwa hiyo kinachobaki ni stelingi tupu: pampu, raki, viungo.

Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano inayosoma hadi kilo 5 au 10. Funga kamba kwenye ukingo wa usukani pale mkono wa usukani unapokutana na duara, uvute kwa kufuata mzingo, taratibu, kutoka katikati hadi robo mzunguko. Vuta mara tano kulia, tano kushoto, andika wastani. Fanya hivyo gari likiwa limelala nje usiku kucha, kisha rudia baada ya mwendo wa nusu saa. Jambo moja linaloharibu kipimo hiki: injini baridi hujizungusha juu gari likiwa limesimama, pengine 1,200 au zaidi. Subiri ishuke hadi ile ya kawaida, au shikilia mizunguko ileile kwenye vipimo vyote viwili. Na usigande kwenye mwisho wa usukani zaidi ya sekunde 5, pampu inakaanga oili yake yenyewe.

Ukipata namba zinazokaribiana, pampu na raki hazina hatia. Vali ya umeme haitahukumiwa hapo kwa sababu gari limesimama na msaada uko juu. Hiyo ichomoe plagi kama nilivyosema. Ukichomoa na usukani ukawa mzito kwenye maegesho, halafu kwenye kona ya baridi bado ukawa mtupu, basi MpimaTairi ameshinda.

Ukimaliza rudisha plagi na ufute kosa litakaloandikwa kwenye kompyuta.

Kasta_Saba

Naongeza machache ya upande wa sospensheni, maana hapa tumeruka.

Alaimenti haijui kama kuna baridi. Kasta ya leo asubuhi ndiyo ya leo mchana. Ila ikiwa imepungua, inakula ile sehemu ya chuma ya uzito wa usukani, na unabaki unategemea tairi peke yake. Tairi ikilala, hakuna kinachobaki mkononi. Kwa hiyo kasta mbovu haisababishi tatizo la baridi, inalifanya lisikike kwa sauti kubwa. Kama pua imeshushwa kwa springi fupi bila kushusha nyuma, kasta imepotea bila mtu kugusa boliti: milimita 20 kwenye urefu wa milimita 2,350 kati ya ekseli ni karibu nusu nyuzi. Angalia pia tou ya mbele, yaani magurudumu yameelekea ndani au nje kiasi gani. Ikifunguka nje, usukani unakuwa wa wasiwasi na mtupu katikati.

Tangi la mbele. Lita 64 za petroli ni kama kilo 48. Mbele ya gari kama lako, lenye kilo 1,450 na asilimia 38 mbele, inabeba kama kilo 550. Tangi tupu limekupunguzia karibu asilimia 9 ya mzigo wa tairi za mbele. Usilinganishe asubuhi ya tangi tupu na mchana wa tangi lililojaa kisha ukasema ni baridi. Pima kwenye kiwango kilekile.

Shokapu nazo: oili yake ikiwa baridi zinakuwa ngumu, na kwenye lami yenye mikunjo gurudumu linarukaruka badala ya kufuata. Hilo litakupa wepesi wa vipindi vifupi, sekunde kwa sekunde, siyo ule wa kona nzima. Ukiusikia wa namna hiyo, ni shokapu na bushi, na hauponi haraka kama tairi.

Na usukani ukiwa mwepesi-mzito-mwepesi-mzito unapouzungusha, mara mbili kwa kila mzunguko mmoja, ni kiungo cha msalaba kwenye shafti ya usukani kimekauka. Sidhani ni chako, ila kukisikiliza hakugharimu kitu ukiwa juu ya yale mabati ya grisi.

Mshale_wa_Nyuma

Nimerudi na majibu, wakuu. Vipimo vyote nimefanya tangi likiwa nusu.

Mabati na mizani: baridi, hewa nyuzi 4, wastani kilo 1.3 kulia na 1.3 kushoto. Moto, 1.2 na 1.2. Mizunguko 800 mara zote mbili. Usukani unazunguka sawasawa, hauna ule mwepesi-mzito.

Gia ya 5 dhidi ya gia ya 3 kwenye kona ileile: hakuna tofauti ninayoweza kuisikia. Plagi ya vali nilipoichomoa usukani ulikuwa mzito papo hapo kwenye maegesho. Kwenye kona ya baridi uzito uliongezeka kidogo, lakini ule utupu na pua kuchelewa vilibaki vilevile.

Kasta nyuzi 7.8 kushoto na 7.7 kulia, tou ya mbele imefungwa kidogo ndani, urefu wa springi ni wa kiwandani. Oili ni ya kijani kama kitabu kinavyotaka.

Kibandiko: mbele 33, nyuma 39. Nimeona aibu kidogo.

Na sasa tairi. Za nyuma zinasoma 4022. Za mbele 1117. Utambi wa mbele bado ni milimita 5, ndiyo maana hazikuwahi kubadilishwa. Ugumu kwenye nyuzi 20: nyuma 66, mbele 77.

MpimaTairi

Hizo namba mbili za mwisho zingetosha peke yake, lakini nafurahi umepima zote, maana sasa raki na pampu zimetoka kwenye kesi kwa ushahidi.

Hili ni tego la magari ya injini nyuma. Tairi za nyuma zinaisha utambi haraka, zinabadilishwa mara mbili au tatu, na za mbele zinabaki zinazeeka zikiwa na sura nzuri. Mtu anaangalia kina cha utambi na kusema ziko salama. Mpira hauzeeki kwa kuisha tu. Mafuta yanayoulainisha yanatoka, hewa na jua vinaukaza. Tofauti ya alama 11 kati ya mbele na nyuma ni kubwa, na uliipima kwenye nyuzi 20. Kwenye nyuzi 5 zote zinapanda, na ile ya mbele inaanzia mahali pabaya.

Ndiyo maana pia joto linaficha ugonjwa: mpira mzee ukipata moto unarudia ulaini kiasi, unakutosha kwa mwendo wa kawaida. Hautoshi kwa breki ya ghafla kwenye maji. Hilo usilipime.

Badilisha mbili za mbele, aina ileile na iliyoko nyuma, na alama ileile ya mtengenezaji wa gari kama ya nyuma inayo. Usichanganye tairi ya kiangazi mbele na ya baridi nyuma, wala kinyume, kwa kutaka kubana matumizi. Gari la injini nyuma litakuadhibu kwa mkia au kwa pua, kutegemea umekosea upande gani. Kabla ya kulipa soma DOT ya hizo mpya. Tairi "mpya" iliyokaa stoo miaka minne ndiyo mwanzo wa mada hii kurudi.

Upepo weka 33 mbele na 39 nyuma asubuhi, gari halijasogea, nje ya banda. Ukipima ndani ya banda lenye nyuzi 20 kisha ukatoka kwenye nyuzi 5, mbele itashuka hadi kama 30.5. Kanuni ya haraka ni psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6. Usipunguze upepo wa tairi iliyo moto ili ilingane na kibandiko, kibandiko kinazungumzia tairi iliyopoa.

Kilomita 200 za kwanza ziende taratibu, uso wa mpira mpya una utelezi wa kiwandani mpaka usuguliwe. Ukitaka kuona mwenyewe jinsi joto linavyopanda, tumia kipimajoto cha sindano, ukichome milimita 2 au 3 ndani ya mpira, mbele na nyuma, kwenye kilomita 2, 5, 10 na 15. Kile cha mwanga mwekundu kinasoma ngozi tu, na ngozi inapoa ukiwa bado unavua glavu. Kuyumbisha gari kushoto na kulia kama madereva wa mbio hakupashi tairi ya barabarani kwa maana yoyote. Breki za wastani, zilizo laini na ndefu, zinapasha mbele vizuri zaidi.

Bado utasikia wepesi kidogo kwenye nyuzi 4. Tairi ya kiangazi ni ya kiangazi. Lakini pua haitachelewa kwenye kilomita 60. Na ukiwa na tairi mpya ukasikia usukani umetoweka ghafla mahali palipokuwa na uzito sekunde moja kabla, hewa ikiwa karibu nyuzi 3 au chini, hapo siyo tairi tena. Ni barafu au maji. Usigeuze zaidi, usikanyage breki. Ondoa mguu kwenye mafuta polepole, acha mbele ishike.

Kona_Kali

Samahani kwa kudandia. Dalili zangu zinafanana na hizi lakini stelingi yangu ni ya umeme, haina pampu wala oili. Kipimo cha gia na cha plagi havinihusu. Nifanyeje?

Fundi_Raki

Wewe una bahati kuliko yeye, mkuu, kwa sababu stelingi yako inajipima yenyewe. Unganisha mashine ya kusomea kompyuta, ingia kwenye moduli ya stelingi, na urekodi vitu vitatu kwa pamoja: nguvu ya mkono inayosomwa na sensa ya usukani kwa Nm, mkondo wa mota kwa ampea, na mwendo wa gari kama moduli hiyo inavyouona. Mwache mtu mwingine ashike mashine, wewe shika usukani.

Kwenye kona ya baridi, nguvu ya mkono ikiwa ndogo na mkondo wa mota pia mdogo, maana yake barabara hairudishi mzigo wowote. Rudi juu usome habari za tairi. Nguvu ya mkono ikiwa ndogo huku mkondo ukiwa mkubwa, mota inakusaidia kupita kiasi. Angalia mwendo unaosomwa. Ukionyesha sifuri au ukirukaruka wakati unakwenda 70, tafuta waya au sensa ya gurudumu, usifungue stelingi.

Betri dhaifu haitakupa wepesi. Umeme ukipungua moduli inakata msaada, unapata uzito.

Ila kabla ya yote hayo angalia kitufe cha aina ya uendeshaji. Magari mengi yakizimwa yanarudi kwenye hali ya starehe, ambayo usukani wake ni mwepesi kwa makusudi. Kama una mazoea ya kubonyeza hali ya michezo ukishaondoka mjini, basi kila asubuhi kilomita zako za kwanza unaziendesha kwenye hali tofauti, na hakuna kilichoharibika.